Shamba Lililolala

Mke alikuwa anapukuchua mahindi ya mwisho, yenye magunzi mafupi kama vidole, shamba liliposinzia. Kufika saa nne lilikuwa linakoroma.

Hakushangaa. Alishangaa tu lilivyovumilia siku zote hizo. Mumewe alikuwa mchapakazi, hilo hakuna wa kumpokonya. Miaka thelathini alipanda mahindi juu ya mahindi, akachoma mabua, kisha, jamani, akalifagia shamba zima kwa ufagio wa uani, jani lisionekane. Majirani walimsifu. Udongo ukapauka, na mvua ikinyesha inateleza juu yake na kwenda zake.

Mume akachukua jembe ili aliamshe. Mke akamshika mkono.

"Usimwamshe aliyelala, mzee wangu. Utalala wewe."

Wakaishi kwa cherehani ya mke. Mwaka wa kwanza zikaja nyasi, wa pili kunde pori zikalifunika. Mume mikono ilimwasha. Mke alimfumania na ufagio mara mbili, akamcheka mpaka akaurudisha. Alimpenda hivyohivyo, na kiherehere chake. Mwaka wa tano vichaka vilimfika mume mabegani, majani yakawa yanaanguka na kuozea palepale, nyungunyungu wakarudi. Udongo ukawa mweusi, vuguvugu, ukikoroma polepole kama mtoto aliyeshiba. Jioni walikaa ukingoni wakizungumza kwa kunong'ona.

Mwaka wa saba akaja afisa ardhi na fomu. Alivua viatu bila kuambiwa, asilisumbue. Akauliza kwa sauti ya chini lililimwa lini mara ya mwisho. Mke hakuwa mtu wa uongo, akasema miaka saba, ila limelala tu, halijaachwa. Akachota udongo kiganjani akamnusisha. Afisa akakiri kwamba unanukia vizuri. Lakini fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, linalimwa na limetelekezwa, na lililotelekezwa miaka saba hupewa mwingine. Akaomba radhi, akatia alama.

Wiki iliyofuata wakaja watu wa mwenye shamba mpya na vigingi. Walipiga nyundo taratibu, kwa adabu. Kigingi cha kwanza kilipoingia, mkoromo ukakatika. Mume alisimama na ufagio mkononi, hajui afagie nini. Mke akapiga magoti, akalipapasa shamba.

"Lala, mwanangu," akaliambia. "Ni wageni tu."

Likavuta pumzi, likaanza kukoroma tena. Wakapiga kigingi cha pili.