Si Darubini Hiyo

Siku ya Ijumaa aliiaga darubini ya maabara, akaifuta vumbi na kuivika mfuko wake wa plastiki. Jumapili akaikuta sebuleni kwake, imefungwa utepe mwekundu.

Haikuwa ile ile, ila zilifanana kama mapacha. Mama Vipimo, kama wagonjwa walivyozoea kumwita, aliitazama, hasira ikampanda taratibu. Miaka thelathini na mmoja ameinamia chombo cha namna hiyo akitafuta vidudu vya malaria kwenye damu za watu, mpaka shingo ikagoma. Juu haiendi, na akiinama inamuuma kama jino bovu. Wanawe walipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, alijibu darubini. Na mwanawe wa kwanza, mtu aliyezaliwa miezi saba na haraka yake haijaisha mpaka leo, hakuuliza ya nini.

"Si ulisema darubini, mama?"

"Ya mwezi, baba. Ya mwezi na sayari. Hii ndiyo niliyoikimbia."

"Sasa si ungesema."

Ungesema! Utadhani kuna siku mtu yule alimwachia mwenzake nafasi ya sentensi ya pili.

Jumatatu wakaenda kuibadilisha. Njia nzima mama aliwaza jambo moja: wanawe walishachanga pesa zao, na hakuna mchango mwingine. Chombo kitakachotoka dukani leo ndicho hicho mpaka anaingia kaburini. Kikiikataa shingo yake, atakufa hajauona mwezi kwa karibu, na darubini itabaki ya kuanikia taulo.

Muuzaji hakungoja kuulizwa. Alishika bomba jembamba, refu, jekundu, linalong'aa.

"Hii hapa mama. Inakuza mara mia sita."

"Mara mia sita," mwanawe akarudia, macho yamemtoka.

"Kioo cha mbele kina upana gani?" mama aliuliza.

Muuzaji akaligeuza boksi. Mia sita ilikuwa imeandikwa mara tatu, upana haukuandikwa popote. Mama akapima kwa vidole, akapata vitatu.

"Mwanga utapitia wapi? Ukikuza ukungu, unapata ukungu mkubwa."

"Lakini mama, mia sita ni mia sita," mwanawe alisema polepole, kama anayemwelewesha mtoto. Huyo huyo ambaye hata taa ya chumbani kwake hubadilishiwa na mkewe.

Mama akamgeukia muuzaji. Akauliza mtu anachungulia wapi. Muuzaji akaonyesha mwisho wa bomba, kule chini: ama upige magoti uinue shingo, ama uchomeke kipande chenye kona, uinamie.

"Niiname."

"Kidogo tu, mama."

Kidogo tu. Na maabara walimwambia hivyo hivyo, siku ya kwanza.

Alipogeuka ili asiseme la kusema, akaona pipa fupi nene kwenye kona, limekaa juu ya kigoda cha mbao kinachozunguka, mtu ametundika mwavuli juu yake.

"Hiyo darubini ya kioo cha ndani ilirudishwa," muuzaji alisema. "Mteja alilalamika tundu la kuchungulia liko ubavuni, halafu kila kitu kinaonekana miguu juu."

Mama akauondoa mwavuli. Kioo kilichokuwa ndani kilikuwa na upana wa sahani. Akaomba pipa liwekwe juu ya kaunta, akasimama kando yake, akasogeza jicho kwenye tundu. Shingo ilikuwa imenyooka. Haikulalamika.

"Naichukua hii."

"Mama, mbovu hiyo. Umesikia, miguu juu."

"Na vidudu navyo nilikuwa navionaje? Darubini ya maabara nayo inapindua. Ada yako yote, baba, imetoka kwenye vitu vilivyopinduka."

Mwanawe akalikumbatia pipa, akalibeba hadi mlangoni.

Saa kumi na moja jioni mwezi wa nusu duara ulikuwa umeshatokeza juu ya paa la jirani. Waliweka pipa juu ya meza uani, na bila shaka mwenye haraka ndiye aliyetangulia. Akasukuma huku, mwezi ukakimbilia kule. Akaufuata, ukatoweka kabisa.

"Nilikwambia mbovu."

"Toka hapo."

Mama akasimama wima. Mkono wake ukasukuma upande usiotarajiwa, bila kufikiri, kama ulivyosukuma kioo cha damu maelfu ya asubuhi, na mwezi ukaingia wote. Mashimo kwa mashimo, na vivuli vyake. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu," alisema. "Mazoea ya maabara."

Alihesabu mstari baada ya mstari, hakuruka hata shimo moja. Kisha akasogea.

"Njoo. Usiguse kitu, tazama tu."

Mwanawe ni mrefu. Ilibidi akunje magoti, apinde mgongo, ashushe kichwa mpaka kwenye tundu. Akatulia, jambo ambalo halijapata kutokea. Halafu akajiinua, mkono umeshika kisogo.

"Mama, shingo."

"Dakika moja hiyo, baba."

Mwanawe akaisugua shingo yake, akiiangalia ya mama yake.