Kikombe, Mbuzi, Daraja, Sindano, Mvua

Mtafiti alikuwa anafungua maabara yake asubuhi, kaka yake alipompigia simu tena.

"Mama kaacha pasi ya moto kitandani. Nimekuta chumba kizima moshi. Profesa, utakuja lini uone?"

Kaka alimwita profesa kila alipomkasirikia.

"Nilimpima juzijuzi, kaka. Hakukosea hata neno moja."

"Basi pasi ndiyo iliyochanganyikiwa."

Akakata simu. Mtafiti akabaki na funguo mkononi.

Kazi yake ilikuwa ubongo, tangu unapojijenga hadi unapobomoka. Alianza na mayai ya kuku, akikata kitundu kwenye ganda kuona neva za kifaranga zinavyotafutana. Siku hizi alishughulika na wazee wanaosahau. Maabara yake ilikuwa ikijaribu dawa, lakini kwa wale tu ambao ugonjwa ndio kwanza unawaanza. Ugonjwa ukishasogea, dawa hiyo huweza kuvujisha damu kichwani. Sharti hilo aliliandika yeye mwenyewe.

Mchana aliomba ruhusa akaenda nyumbani, mama alikoishi na kaka. Harufu ya kuungua ilimpokea mlangoni. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako kakuita, eh? Ana maneno mengi yule." Kisha, kabla mtafiti hajaketi, mama akaanza: "Kikombe, mbuzi, daraja, sindano, mvua. Umeona? Nina akili kuliko nyinyi wote."

Mtafiti alicheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Hakuwa amemuuliza.

Maneno hayo aliyachagua mwenyewe enzi za uanafunzi, alipokuwa akitengeneza kipimo cha kumbukumbu. Mtu wa kujaribia alikuwa mama, jikoni hapohapo, jioni baada ya jioni, mpaka mama akawa anayaimba akiosha vyombo. Tangu hapo, kila alipokuja kumpima, alimpa yaleyale. Kazini asingethubutu. Wanafunzi wake aliwaambia siku ya kwanza kabisa: usimrudishie mtu maneno aliyoyazoea, utapima mazoea tu. Kwa mama alijisemea kwamba ni haraka, kwamba mengine kayasahau ofisini. Ukweli ni kwamba haya yalimalizika vizuri kila mara, naye akarudi kazini moyo mweupe.

"Leo nina mengine, mama. Kiatu, ndizi, ngazi, filimbi, moto. Hebu yarudie."

Mama aliyarudia yote. Wakazungumzia paa la jirani lililoezuliwa na upepo.

"Sasa niambie yale maneno."

"Kikombe, mbuzi..."

"Yale ya sasa hivi."

Mama alitazama kisu. Ganda la kiazi lilikuwa linaning'inia. "Ulinipa mengine?"

"Ndiyo, mama."

"Hayo siyo yetu, mwanangu," alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto.

"Na leo asubuhi ulikuwa unapiga pasi nguo gani?"

"Sijagusa pasi leo."

Mtafiti alikuwa ameona wazee wengi wa namna hii. Huu haukuwa mwanzo wa ugonjwa.

Kaka aliporudi alimkuta chumbani, ameshika shuka lenye alama nyeusi ya pasi.

"Ulikuwa unasema kweli," alimwambia. "Kipimo changu kilikuwa kibovu. Anayajua yale maneno kwa moyo."

Kaka aliketi ukingoni mwa kitanda. Hasira ilimtoka, na alionekana amechoka. "Haya, mwingize kwenye hiyo dawa yenu. Wakimpima, wampe hayohayo anayoyajua. Nani atagundua?"

Wazo hilo lilikuwa limeshampitia, jikoni, hata viazi havijaisha. "Atapita," alisema. "Halafu dawa itamuua."

"Na mwaka jana, nilipoanza kukupigia?"

Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwaka jana angeingia, kaka."

Sauti ya mama ikatoka jikoni: "We mtoto! Mbona leo hujaniuliza?"

Mtafiti aliinuka akaenda. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Haya, mama. Niambie."

"Kikombe, mbuzi, daraja, sindano, mvua!"

Mama alimtazama, akisubiri sifa zake. Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakukosea hata neno moja," alisema kaka.