Jiwe Lililovuka Chemchemi

Blažena Kudrnová hakuhitaji ramani kujua kwamba jiwe halikuwa mahali pake. Shavu lake lilijua.

Alikuwa msichana wa miaka sita babu yake alipomshika mkono na kumpandisha hadi juu ya malisho, pale chemchemi inapochomoza chini ya misonobari na kuwa kijito cha Tichá. Babu alimwonyesha jiwe la mpaka lenye msalaba uliochongwa kichwani, kisha, bila onyo lolote, akamzaba kofi la kuona nyota. "Ili usisahau," akasema, akampa kipande cha sukari. Ndivyo watoto wa kijiji cha Brodilov walivyofundishwa mipaka, kofi moja kwa kila jiwe, na walipokua hakuna aliyeweza kuwadanganya. Blažena alikumbuka vizuri. Alisimama akilitazama jiwe huku akilia, na mgongoni pake, upande wa kwao, maji yalikuwa yakibubujika kana kwamba yanamcheka.

Sasa, masika ya mwaka 1992, jiwe lilikuwa upande wa huku wa maji, na chemchemi imebaki ng'ambo.

Kwa miaka arobaini hakuna aliyelijali. Shamba la ushirika lilikuwa limelima kila kitu kuwa konde moja kutoka kilimani hadi bondeni; mipaka ikafutwa, mawe yakang'olewa na kutupwa kwenye vichaka. Hili lilipona kwa sababu trekta lilizama kwenye tope la chemchemi kila lilipojaribu kulisogelea. Lakini serikali mpya ilikuwa ikiwarudishia watu ardhi ya wazazi wao, na mpima ardhi alikuwa anakuja Alhamisi. Ramani ya zamani haikusaidia: mstari wa mpaka ulichorwa mnene kiasi kwamba uliifunika chemchemi nzima. Jiwe ndilo lingeamua.

Blažena alikuwa amekwisha kuagiza ng'ombe wanne. Visima vya chini vilinuka mbolea ya ushirika, na bila chemchemi ile malisho ya baba yake yangekuwa nyasi za kutazama tu. Na jinsi jiwe lilivyosimama, chemchemi ilikuwa ya Řehoř Tesárek.

Řehoř alikaa ng'ambo ya kijito. Upande wa Blažena ni Bohemia, upande wa Řehoř ni Moravia, na ingawa hakuna mlinzi aliyesimama hapo tangu enzi za wafalme, utani haujaisha. Wa ng'ambo huambiwa wanapiga mswaki kwa pombe ya plamu. Wa huku huambiwa wanahesabu povu la bia kabla ya kunywa. Blažena na Řehoř hawakuwa hata na utani. Walisalimiana kwa kidevu.

Ndiyo maana alishtuka, wiki mbili kabla ya mpima ardhi, kumkuta Řehoř akiutengeneza uzio wa Blažena ulioanguka.

"Nani kakutuma?" aliuliza.

"Hakuna. Nimeona umelala."

"Umelala miaka mitatu, Řehoř. Leo ndiyo umeuona?"

Řehoř alipiga msumari mwingine. Jumapili yake akaleta sahani ya kolache, maandazi ya plamu, bado za moto, zimefunikwa kwa kitambaa. Blažena alizinusa, akazigeuza chini juu, kisha akawapa kuku. Kuku hawakufa, lakini hilo halikumtuliza. Sumu si lazima iwe kwenye unga.

Alianza kuchunguza. Nje ya banda la Řehoř aliona mtaimbo umeegemezwa ukutani, una tope ambalo halijakauka. Alipanda hadi kwenye jiwe, akalipapasa. Lilikuwa na kuvumwani pande zote, la kijani, zito, kama lililoota hapo tangu dunia iumbwe. Akawaza: ukilipaka jiwe maziwa ya mgando, kuvumwani huota upesi. Aliwahi kulisikia hilo mahali. Na Řehoř alikuwa na mbuzi watatu. Hakosi maziwa.

Jumatano mchana, baa ikiwa imejaa watu waliotoka kupanda viazi, Blažena aliingia akasimama mbele ya meza ya Řehoř. Hakuketi.

"Umelihamisha jiwe," alisema.

Jarmila, mwenye baa, aliacha bia ikifurika kwenye glasi.

"Blaženka, kaa kwanza, ndugu yangu," Jarmila alisema, akimwita kwa jina lake la utotoni. "Utasema kisha utajuta."

"Nitajuta nini? Babu yangu alinizaba kofi pale. Maji yalikuwa mgongoni kwangu. Leo maji yako ng'ambo ya jiwe. Jiwe lina miguu? Au limebebwa na mtu mwenye mtaimbo, anayenipelekea kolache ili nifumbe macho?"

"Ule mtaimbo nilikuwa nang'olea visiki," Řehoř alisema polepole.

"Basi sema mbele ya hawa: unajua jiwe lile limehamishwa, au hujui?"

Řehoř aliitazama bia yake. Aliinywa yote, akaweka pesa mezani, akatoka.

"Umemwita mzee wa watu mwizi," mtu mmoja akanong'ona.

"Mmemsikia akikana?" Blažena aliuliza.

Alhamisi nusu ya kijiji ilipanda kilimani. Mpima ardhi, mhandisi Pospíchal, alikuwa mtu mnene mwenye mabuti ya mpira na subira ya daktari wa meno. Alisikiliza habari ya kofi bila kucheka.

"Kofi ni kumbukumbu nzuri, mama," alisema, "lakini siwezi kuliandika. Tutawauliza mashahidi."

Wazee wote waliitikia kwa kichwa. Chini ya kila jiwe halali la mpaka, waliolisimika walifukia vitu visivyooza: mkaa, vipande vya tofali, vigae. Hao ndio mashahidi. Anayehamisha jiwe kwa pupa huliinua na kuwaacha mashahidi nyuma, na shimo tupu humuumbua.

Vijana wawili waliliinua jiwe. Pospíchal alipiga magoti, akachimba kwa koleo dogo. Blažena alisimama juu yake, akingoja utupu.

"Mkaa," alisema Pospíchal. Akachimba tena. "Na vigae vya kauri. Mashahidi wapo."

Mnong'ono ulipita kwenye umati, na Blažena aliuhisi ukimchoma mgongoni. Alimtazama Řehoř. Mtu aliyeshinda chemchemi angetabasamu, au angalau angeinua uso. Řehoř alikuwa akitazama mabuti yake. Huyu anajua kitu, Blažena akawaza. Mashahidi wapo, na bado anajua kitu.

Aliinama akaokota kigae kikubwa kuliko vyote, kitako cha kikombe, akakisugua tope kwa kidole gumba. Pembeni kulikuwa na maua ya buluu, yale yaliyo kwenye kabati la kila nyumba nchini. Chini ya kitako kulikuwa na mkia mwekundu. Akasugua zaidi. Samaki mdogo mwekundu.

Akafumba ngumi.

Brodilov huazimana vyombo kwenye harusi na matanga, na kila nyumba huweka alama yake chini ya vikombe ili virudi kwao. Wengine huweka nyota, wengine msalaba. Samaki mwekundu alichorwa na baba yake mwenyewe, kwenye vikombe sita alivyonunua alipooa. Kabatini vilibaki vitano. Cha sita, mama alisema, kilivunjika mwaka 1951, Blažena alipokwenda mjini kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi.

Jiwe lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko babu yake. Kikombe cha harusi ya mama yake kingefikaje chini yake?

Hakuna aliyekuwa amemwona samaki. Angeweza kukiangusha kigae kwenye tope, akakikanyaga, na jina la mama yake lingebaki safi kaburini. Na chemchemi ingekwenda ng'ambo. Aliwaza ng'ombe wanne wamesimama juani, ndimi nje.

Akafumbua ngumi.

"Samaki!" Jarmila alipaza sauti. "Huyo si wa kwenu, Blaženka?"

"Ni wetu," alisema Blažena. Akamgeukia Řehoř. "Sasa sema."

Řehoř alivua kofia.

"Mwaka hamsini na moja," alianza, "kamati ilikuwa inapima ardhi ya kila mtu. Aliyezidi kiwango aliitwa kulaki, na makulaki walikuwa wanafungwa. Baba yako alizidi kwa kipande hiki tu, hiki chenye maji. Mama yako na baba yangu wakalihamisha jiwe. Mama yako ndiye aliyeweka mashahidi, kamati isije ikashtuka. Sisi tukatoa nafaka na maziwa ambayo serikali ilidai kwa kipande hiki hadi ushirika ulipotumeza sote. Mama yako alimwapisha baba yangu asiseme. Baba akaniapisha mimi."

Pospíchal alihesabu hatua chache kuvuka maji, akamwuliza Blažena aliposimama siku ya kofi, akachimba mbele yake. Aliyoyakuta yalikuwa mkaa na vipande vya matofali vilivyokuwa vyeusi kwa uzee. Akapigilia kigingi chake hapo. Chemchemi ilikuwa ya Blažena.

"Na kolache?" Blažena alimwuliza Řehoř. "Nazo uliapishwa kuzileta?"

"Usiku nilikuwa silali," Řehoř alisema. "Nilidhani nikikutendea wema kidogo, nitalala." Akayatazama maji. "Na maji haya ni matamu, Blažena. Sitakuficha."

"Niliwapa kuku."

Mtu alicheka, akajizuia. Jarmila alimsogelea Blažena, akamshika kiwiko.

"Haya, mwenzangu. Familia yake iliwaokoa wazazi wako. Na wewe ulimwita mwizi mbele ya baa nzima. Mwombe radhi yaishe, twende tukanywe."

Kijiji kizima kilingoja. Blažena alikifunga kile kigae ndani ya leso yake, akakitia mfukoni.

"Baba yake nitampelekea maua kaburini, kesho asubuhi," alisema. "Lakini huyu nilimwuliza jana, mbele yenu nyote, kama anajua jiwe limehamishwa. Alijua. Akanywa bia yake akaondoka. Leo angeacha lipimwe hivyohivyo. Simwombi radhi."

"Blaženka..."

"Simwombi."