Balbu Aliyoileta Otmar kutoka Kahama

Generoza alikuwa fundi cherehani pale Ushirombo, na wiki ile alikuwa na kazi ambayo kila fundi wa mji aliitamani: sare za kwaya ya parokia kwa ajili ya jubilei ya kanisa. Zilikuwa za bluu iliyokolea, na kola za rangi hiyohiyo. Ili azimalize kabla ya Jumapili ilimbidi ashone hata jua likishazama, na chumba chake cha kushonea kilikuwa na balbu moja tu iliyochoka.

Mumewe, Otmar, alimwona anavyokunja uso akitunga uzi kwenye sindano. Alipokwenda Kahama kuuza mpunga, akarudi na balbu nene kama papai. Kwenye boksi iliandikwa wati arobaini, na chini yake kwamba mwanga wake ni sawa na wati mia tatu za balbu za zamani. Muuzaji alikuwa akiinadi kwa kipaza sauti karibu na stendi. Otmar akapanda juu ya kiti, akaifunga mwenyewe, akawaita na majirani waje waone. Ikawaka nyeupe yenye ubluu. Ukiitazama ilichoma macho, kwa hiyo wote wakakubali kwamba ni kali kwelikweli.

Generoza akashona jioni ile kwa raha, huku mumewe akimletea chai na kuisifia balbu kila alipopita.

Asubuhi akaja Athanas, mwalimu wa kwaya, kuchukua gauni moja la mfano. Akalitoa nje juani, akaligeuza mbele na nyuma, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mama Violeth," alimwambia Generoza, "hii ni jubilei au tunakwenda msibani?"

Kola ilikuwa nyeusi. Generoza akakimbilia ndani kutoa nyingine, nazo zilikuwa hivyohivyo. Kumbe jioni alichukua kitambaa cheusi kilichobaki kwenye sketi za wanafunzi, na chini ya mwanga wa ile balbu, nyeusi na bluu zilikuwa kitu kimoja. Nusu ya sare zilihitaji kufumuliwa. Machozi yalimlengalenga, lakini Athanas alikuwa ameshakaa kwenye ngazi kwa kicheko, na baada ya muda naye Generoza akashindwa kuzuia kicheko.

Otmar hakucheka. Alisema balbu haina kosa, ni macho ya mkewe yaliyochoka.

Generoza hakubishana naye. Alikwenda dukani kwa Bujiku, muuza vifaa vya umeme, akamweleza yaliyompata. Bujiku akamwambia kwamba wati ni umeme ambao balbu inakula, lakini mwanga inaotoa unaandikwa kwa lumeni, na boksi lisilotaja lumeni halijakwambia lolote kuhusu mwanga. Akampa balbu ndogo ya wati tisa, lumeni mia tisa, akamtajia pia kwamba mwanga wake wa rangi ya jua unaonyesha vitambaa vizuri zaidi.

Otmar aliigeuza kiganjani. "Tisa kwa arobaini? Mama Violeth, hata mtoto anajua kuhesabu."

Hata hivyo, moyo ulimsumbua. Akalitafuta boksi la balbu yake, akalisoma pande zote. Lumeni hazikuwepo. Ndipo akakumbuka ujana wake alipokuwa mchimbaji huko Geita. Kabla ya kushuka shimoni, wenzake walishindanisha tochi zao kwa vivuli, maana tochi ikimulika usoni kila moja huonekana kali. Akasema watafanya hivyo kwa balbu zote mbili, na itakayoshindwa itatolewa chumbani.

Mchana uleule akaziba dirisha kwa mablanketi, akatundika shuka jeupe ukutani, akaziweka balbu mbili kwa umbali sawa, kulia na kushoto, na mbele ya shuka akasimamisha mpini wa jembe. Vivuli viwili vikatokea. Balbu yenye nguvu ndiyo ambayo kivuli chake kinakolea zaidi, akamweleza mkewe kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kimoja kilikolea sana, kingine kilififia kama moshi.

"Sasa tazama," alisema, akaizima balbu yake kubwa.

Kilichotoweka ni kile kilichofifia.

Otmar akaiwasha tena, akabadilisha nafasi za balbu, akaizima tena. Jibu likawa lilelile. Akatoka kwenda kwenye mita ya umeme, akamwambia Generoza azime kila kitu nyumbani na kuacha balbu kubwa peke yake. Kitaa chekundu cha mita, ambacho hupepesa kwa kadiri umeme unavyoliwa, kilichelewa sana kupepesa. Wakaweka ile ndogo, nacho kikaenda kwa mwendo uleule.

Akarudi ndani akiwa na sura ya kushangaza. Generoza alidhani amekasirika, kumbe alikuwa anabana kicheko.

"Ile arobaini iko kwenye boksi tu," alisema. "Mke wangu, macho yako hayana kosa. Nisamehe."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapanda kitini, akaifunga ile ndogo, balbu yake kubwa akaipeleka kwenye banda la kuku, akaenda kwa Bujiku kuongeza ndogo ya pili.

Athanas naye akahamishia mazoezi ya kwaya kwa Generoza. Jioni wanakwaya wakaja na nyembe na mikasi, wakajazana chumbani, wakifumua kola nyeusi huku wakiimba sauti zao, na bluu ikaonekana bluu. Waimbaji wa besi walikuwa wachache. Athanas akamwuliza Otmar, aliyekuwa anagawa karanga, kama anaweza kuimba nao. Otmar alidai kwamba hajawahi kuimba popote isipokuwa shimoni. Akaambiwa inatosha. Akaweka sahani chini, akasimama nyuma ya wanaume, na Generoza, bila kusimamisha cherehani, akaanza kumpima mabega kwa macho ili ajue sare yake itakula kitambaa kiasi gani.