Jina la Vita kwa Kitoto Kilicholala

Fundi umeme alipotaja jina alilomchagulia mwanawe mchanga, mkewe alipigwa na butwaa, kijiko cha uji kikabaki hewani.

"Harbu? Baba Kiberiti, nimesikia vizuri?"

"Umesikia vizuri. Ni la Kiarabu. Maana yake vita."

Bibi, mama mzazi wa fundi, aliyekuwa akikunja nepi, aliziketia. "Vita! Kitoto hiki ambacho hata chafya kinaipiga nusu?"

Fundi alisafisha koo kama anayesoma risala ya msiba. "Mama, tuseme ukweli. Tuliagiza nini, tukaletewa nini? Wa kwanza tulimwita Sabiri, mwenye subira."

Sabiri, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Kiberiti, aliwahi kulipiga friji teke kwa sababu barafu ilichelewa kuganda.

"Wa pili Salimu, aliyesalimika."

Huyo aliitwa Plasta. Alikuwa sebuleni, mkono umefungwa plasta ngumu baada ya kuanguka kutoka kwenye kochi. Kochi lenyewe halina miguu.

"Wa tatu Amini, mwaminifu."

Bibi alijipapasa kifuani kuhakikisha pochi bado ipo.

"Sasa sikilizeni," fundi aliendelea. "Ukibonyeza kuwasha, taa ikazima, hugombani na balbu. Nyaya zimepishana. Nami nazigeuza. Tukiweka vita, itatoka amani."

Kilichomtisha mkewe si maneno yenyewe, ila kwamba kwa sekunde moja yalimwingia akilini. Na imamu alikuwa njiani kuja kumwombea mtoto dua kwa jina lake. Likishatamkwa mbele ya majirani, ndiyo basi. Alimwona mwanawe darasani, mwalimu akiita, "Harbu!" Alimwona amekwenda kuposa, wakwe wakiulizana maana, kisha wakifunga mlango kwa komeo.

Ndipo akakiweka kijiko chini.

"Mume wangu, na wewe ulipewa jina gani?"

"Si unalijua? Rashidi."

"Maana yake?"

"Mwongofu. Mtu mwenye maamuzi..." Mdomo wa fundi ulibaki wazi.

"Malizia, baba."

"...sahihi," alinong'ona.

"Na nyaya za nyumba hii zimepishana. Umesema mwenyewe."

Bibi alicheka hadi nepi zikamwagika. "Jina hilo nilikupa mimi, mwanangu. Unisamehe!"

Hodi ikapigwa. Imamu alisimama mlangoni. "Haya, mmeafikiana?"

Fundi alifungua kinywa, lakini mkewe akamtangulia.

"Harithi!"

"Mkulima," imamu alisema, akiitikia kwa kichwa, ameridhika. "Jina zuri."

"Ndiyo maana nimelitaka," mama alisema. "Halimsifu mtu kwa lolote. Linampa kazi tu."

Dua ilipokwisha na imamu kuondoka, fundi alimwinamia mtoto, bado amenuna. "Mkulima! Shika maneno yangu, huyu hatagusa jembe wala chombo chochote cha kazi mpaka anazeeka."

Bisibisi ya kupimia umeme ilichungulia mfukoni mwa shati lake. Kitoto kilifumbua jicho moja, kikaikamata mpini, kikang'ang'ania. Baba alivuta taratibu. Kikakaza ngumi.

Fundi akaruka nyuma kama aliyepigwa shoti.