Bunduki Nyepesi ya Fergus

Fergus Tulloch aligombana nami, fundi wake wa bunduki, kwa ajili ya gramu kumi. Ana miaka sabini na minne, goti moja limekwisha, na bado anataka kupanda mpaka Ziwa la Juu kuwinda tahr, wale mbuzi-mwitu wenye manyoya mazito shingoni.

"Punguza tena, Ngaire."

"Nipunguze nini tena? Nikutoboe wewe?"

Nilishaondoa kitako cha mti nikaweka cha kaboni, mtutu nikauchonga ukawa mwembamba, hata mkono wa komeo la kuingizia risasi nikautoboa matundu. Tukaipima kwenye mizani yangu ya jikoni, ile ya sukari ya jamu. Kilo mbili na gramu mia mbili. Fergus akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeiona mikono yake ikishika kikombe, chai ikimwagika. Bunduki nzito hutulia yenyewe. Nyepesi hucheza hata kwa pumzi.

"Kwa hii utafika," nikamwambia. "Lakini kwa mikono hiyo utamjeruhi mnyama, akafie majabalini, na wewe hutajisamehe."

"Basi nisipande?"

Aliuliza taratibu mno, moyo ukaniuma. Kutopanda nakujua mimi. Nilivunjika nyonga huko huko ziwani, Fergus akanibeba mgongoni mpaka chini. Miaka kumi na moja sasa ziwa lile naliona usingizini tu: ukungu unashuka, maji yametulia, mawe mekundu yanang'aa chini yake, nami natembea bila fimbo. Nikiamka, harufu ya theluji bado iko puani.

Asubuhi iliyofuata nilikaa dirishani na chai, ukungu umelala juu ya mto, hata sijui kama nilikuwa macho. Ghafla nikacheka. Mjinga mimi! Si huko juu kumejaa mawe?

Nikashona kifuko cha turubai, nikakitundika kwa kulabu chini ya bunduki, upande wa mbele.

"Panda nacho kitupu. Ukifika, kijaze mawe, itatulia. Ukimaliza, mwaga. Umenisikia?"

"Mchawi wewe," akasema, akaenda zake.

Siku tatu ukungu haukuondoka. Nilikuwa nikipiga tupa kipande kilekile cha chuma, masikio yangu yako langoni. Niliogopa, sifichi.

Siku ya nne, alasiri, akaingia amelowa chapachapa, paja la nyama begani.

"Risasi moja tu. Hata hakujua kimempata nini."

"Ahsante Mungu," nikasema, nikaipokea bunduki niisafishe. Mkono ukashuka. Nikaitupia kwenye mizani: kilo tatu na nusu! Kifuko kilikuwa kimejaa.

"We mzee, una wazimu? Umenitoa roho kwa gramu kumi, halafu unashuka na zaidi ya kilo nzima ya mawe? Na goti hilo?"

Fergus akakifungua kifuko, akayamwaga mezani kwangu. Yalikuwa mekundu, na bado yamelowa.

"Ya ziwani," akasema. "Safari hii kukubeba nisingeweza, Ngaire."

Nikaokota moja. Lilikuwa bado na baridi ya huko.