Siku Duka la Alois Lilipojaa

Mwaka 1986 jirani yangu Alois, mwenye duka la nguo, alimwambia afisa kodi kwamba hoteli yangu hujaa kila siku. Watu aliowaona walikuwa wageni wa kipaimara cha mwanangu, wamekula bure. Asiye na daftari la mauzo hukadiriwa kodi kwa macho, basi nikauza mbuzi wawili kulipa kodi.

Mwaka uliofuata niliandika kila senti. Alois hakuandika. Siku ya makadirio nikawakusanya wanawake wa vijiji vya Singe na Bonga, tukajazana dukani kwake tukishikashika khanga.

“Mama Rosalia, mbona hamnunui?” Alois akaniuliza.

“Tunachagua, Baba Heriel. Haraka ya nini?”

Afisa akasimama mlangoni. “Daftari lako liko wapi, mzee?”

Alois akanitazama. Nikamwambia afisa, “Na leo kumepoa. Ungekuja jana.”